Ukikuta chuma cha kale ardhini, kiache hapohapo kwanza

Vyuma vingi vya kale ninavyoletewa hufika vimeshasuguliwa. Kisu kimepigwa msasa mpaka king'ae, chembe cha mshale kimelowekwa kwenye ndimu usiku kucha, na mwenyewe ana furaha ya mtu aliyeokoa kitu cha thamani. Kazi yangu ni kuhifadhi vyuma vinavyotoka ardhini, na ningependa uyasome haya kabla jembe lako halijagonga kitu.

Ninapofundisha vijana, mfano ninaouanza nao ni wa kisiwa cha Saaremaa, nchini Estonia, katika Bahari ya Baltiki. Mwaka 2008 wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro wa kebo ya umeme kijijini Salme walifukua mifupa ya watu na vipande vya chuma. Wanaakiolojia wakaitwa, wakakuta mashua ya mita 11 na nusu hivi yenye maiti za wanaume saba. Mwaka 2010 kikaonekana chombo cha pili hapo karibu, kikubwa zaidi, cha mita 17 hivi, na uchimbaji ulioongozwa na Jüri Peets ukaendelea hadi 2012. Humo walilazwa wanaume 34, tabaka juu ya tabaka, wamefunikwa kwa ngao. Ni watu wa karne ya 8, kabla ya zile safari za Waviking, mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya, ambazo wengi tumezisikia. Silaha zao zilikuwa nyingi ajabu: panga na vipande vya panga zaidi ya 40, mikuki, vyembe vya mishale, vitovu vya chuma vya ngao. Baadhi ya panga zilipindwa makusudi kabla ya kuzikwa.

Picha zilizosambaa ni za panga. Mimi nakuomba uzitazame ribiti.

Mbao za vyombo vile zilikuwa zimeshaoza. Kilichobaki ni ribiti za chuma zilizokuwa zikishikanisha ubao na ubao, mamia kwa mamia, zimevimba kwa kutu kiasi kwamba mtu asiyejua angezipita. Waliochimba waliweka kumbukumbu ya mahali ribiti zilipolala. Zilipowekwa kwenye ramani, umbo la chombo likajichora lenyewe: mkondo wa mbao, upana, mahali ubavu ulipopindia. Hata unene wa ubao unapimika, kwa sababu ribiti ina kichwa upande mmoja na kibati upande wa pili, na nafasi iliyo kati yao ndiyo ilikokaa mbao. Lau zingezolewa kwenye ndoo, zingekuwa chuma chakavu cha kuuza kwa kilo. (Hapa huwa nawaza mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani kilichounganishwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Ukizikwa na kuoza, hauachi mistari ya namna hii. Ndiyo maana nasikitika tunapochezea vyuma vichache tulivyojaliwa kuwa navyo.)

Kuna jambo lingine la Salme ambalo kila nikilieleza darasa linanyamaza. Mwaka 2020, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba wanaume wanne kati ya wale, waliolala ubavu kwa ubavu, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Tunajua walilala pamoja kwa sababu kuna aliyechora mahali pa kila mmoja kabla ya kumwinua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa kusoma mmoja tu basi ni huu: ukikuta chuma cha kale, usikivute. Kipige picha kikiwa palepale, uweke kalamu au rula kando yake ili ukubwa uonekane, kisha upige picha nyingine kwa mbali ili ule mti au ile nyumba ya jirani ionekane. Fukia kidogo, utoe taarifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006; kitu cha namna hiyo si mali ya aliyekiokota. Tafuta Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho iliyo karibu nawe.

Ikiwa kimeshatoka, achana na msasa, brashi ya waya, ndimu na siki. Kutu inahifadhi habari. Mara nyingi chuma kinapoliwa na kutu, madini yake huingia kwenye kitambaa, ngozi au mti uliokigusa, na nyuzi zake hubaki zimeganda juu ya kutu hata baada ya vitu vyenyewe kutoweka. Mswaki mmoja unatosha kuzifuta. Sisi huanza na eksirei. Mara kadhaa nimeona donge lisilo na sura likigeuka kwenye picha kuwa kisu kamili, na mpini wake umeonekana ulipoanzia.

Kisha kuna chumvi. Chuma kilichokaa ardhini hufyonza chumvi, nayo hujificha chini ya kutu, karibu na chuma chenyewe. Kikipata hewa na unyevu, kinaanza kutoka vitone vya rangi ya machungwa, halafu kinapasuka vipande. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo yakilinganishwa na Bahari ya Hindi, kwa hiyo sisi wa pwani tuna haraka zaidi. Kuitoa chumvi hiyo ni kazi ya maabara: chuma huloweshwa kwenye maji ya magadi makali kwa miezi.

Wewe nyumbani unachoweza ni kukiweka kikavu. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tia ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vingi kadiri utakavyopata, ufunge. Usikizungushie pamba, itanasa kwenye kutu.

Wavuvi, kwenu ni kinyume kabisa. Chuma kilichotoka baharini kisikauke hata saa moja. Kiwekeni kwenye ndoo ya maji, kizame chote, mkifunike, na mbadilishe maji kwa maji ya bomba mpaka mtu wa makumbusho afike.