Picha za hela ndogo za miaka ya sabini: anza na zipi na uziangalie vipi

Nianze na lililo kubwa kabisa. Kama una simu yenye kamera ya maana na unaota kutengeneza muvi hapa Mtwara au kule Lindi, acha kwanza kujifunza kwenye zile muvi za mamilioni ya dola ambazo kila dakika kumi ghorofa linaanguka, hutaziweza, hata Dar hawaziwezi, utaishia kukata tamaa bure. Nenda kaangalie picha za miaka ya sabini zilizotengenezwa na watu wasio na hela, wengine wanafunzi, wengine wamekopa, wengine wamewaingiza kazini mama na baba zao, maana shida zao zinafanana mno na zetu na majibu waliyoyapata mengi unaweza kuyajaribu Jumamosi hii hii pale ufukweni Shangani.

Mimi nina kiduka cha kuingizia watu muvi kwenye flashi, na wikiendi nashuti vipicha vifupi na wenzangu, kwahiyo ninachoandika hapa ni nilichokiona kwa wateja na kwenye shuti zetu wenyewe.

Wateja wengi nikiwapa picha ya 1973 au 1976 wanarudi wananiambia kaka hii mbovu, midomo haiendani na sauti. Sasa hapo ndo pa kuanzia. Hong Kong na Italia wakati ule picha nyingi zilikuwa zinashutiwa bila kutegemea sauti ya palepale, halafu watu wanaingia studio kuweka sauti juu, mara nyingine siyo hata wale walioigiza. Ilikuwa inaokoa hela nyingi sana, kwamba kamera ikipiga kelele poa, gari likipita nje poa, na kwenye sini moja huyu anaongea Kiitaliano yule Kiingereza mwingine Kihispania na kazi inaenda, kisha picha unaiuza nchi yoyote kwa kubadilisha sauti tu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, hili halitakiwi litushangaze hata kidogo, mtu aliyewahi kumsikiliza Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, akimpa stelingi maneno ya Kiswahili katikati ya mapigano anajua sauti inaweza kutoka kwingine kabisa na picha ikanoga kuliko ilivyotoka kwao. Kwahiyo ukiona midomo haiendani achana na midomo, angalia miili, angalia kamera imekaa wapi. Na kama unashuti mwenyewe chukua hiyo iwe dawa yako: upepo wa bahari huku kwetu unaua kabisa maikrofoni ya simu, shuti sini ya nje bila kujali sauti, jioni ingieni chumbani, funga madirisha, ning'iniza mablanketi ukutani, kila mtu arudie maneno yake akiangalia video. Tulivyoanza kufanya hivyo ndo mara ya kwanza watu walisikia tunachosema.

Wapi pa kuanzia? Anza na unachokijua tayari, yaani mapigano. Tafuta Master of the Flying Guillotine ya 1976, Jimmy Wang Yu kaiandika, kaiongoza na yeye ndo stelingi, na stelingi mwenyewe ana mkono mmoja, adui ni mzee kipofu mwenye kofia la chuma lenye visu ndani, limefungwa mnyororo, analirusha likikutua kichwani kichwa kinaondoka nalo. Basi. Hiyo ndo picha nzima, wazo moja la ajabu wamelishika mpaka mwisho. Muziki wake wamechukua wa bendi za Ujerumani kama Neu!, unaunguruma kila huyo mzee anapotokea, na mimi naamini nusu ya uoga wake uko kwenye huo muziki.

Kuna na lile wimbi lililokuja baada ya Bruce Lee kufariki tarehe 20 Julai 1973, watengenezaji wakaleta kina Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee, wote wamenyolewa vilevile na kuvalishwa vilevile. Wazee huku bado wanabishana nani alikuwa nani, soma herufi za jina vizuri kabla hujaingiza kwenye flashi. Nyingi zimepoa sana kusema kweli, ila The Dragon Lives Again ya 1977 iangalie hata mara moja, Bruce anaenda kuzimu anakutana na Dracula na James Bond na Popeye, sijui waliruhusiwa na nani.

Sasa tuingie kwenye zile ninazozipenda kutoka moyoni.

Dark Star, 1974. Ilianza kama kazi ya chuo, John Carpenter na Dan O'Bannon walikuwa wanasoma chuo cha USC kule California, picha nzima iligharimu kama dola 60,000, na ni picha ya anga za juu, chombo kinazunguka kulipua sayari. Utajiuliza kiumbe cha anga walikipata wapi kwa hela hiyo, kumbe ni mpira wa ufukweni, ule wa kupuliza, wamepaka rangi wakauwekea miguu yenye kucha, na O'Bannon mwenyewe ndo anaukimbiza ndani ya chombo. Wateja wanacheka hapo na ni sawa, imekusudiwa wacheke. Lakini subiri mpaka mwishoni, bomu limekwama halitaki kuachia na linakaribia kulipuka, na lina akili, linaongea, basi mwanaanga mmoja anatoka nje kwenda kubishana nalo, analiuliza unajuaje kama upo kweli, unajuaje amri uliyopewa ni ya kweli? Bomu linatulia linafikiri! Ndugu zangu hiyo sini imegharimu nini? Maneno matupu. Mtu mmoja na bomu la kutengeneza, na roho inadunda kuliko muvi yoyote ya magari. Kama una watu wawili na chumba kimoja andika mazungumzo ya namna hiyo, mmoja anataka kitu sasa hivi na mwingine hataki kutoa. Na O'Bannon hakuishia pale, wazo lilelile la kiumbe kinachozunguka ndani ya chombo alilirudia kwa upande wa kutisha, akaandika Alien ya 1979 ambayo dunia nzima inaijua.

Ya pili ni Phantasm, 1979, picha ya kutisha ya Don Coscarelli, kijana wa miaka ya ishirini na kitu tu wakati anaishuti. Walikuwa wanashuti wikiendi kwa muda mrefu sana, vifaa wanakodi Ijumaa wanarudisha Jumatatu kwa malipo ya siku moja, baba yake anasaidia kutafuta hela, mama yake anashughulika na mavazi na mekapu. Nimewaambia wenzangu hili mara nyingi, kwasababu kila kikundi huku kinavunjika kwa sababu ileile, mmoja anaenda shamba msimu wa korosho, mwingine yuko kwenye bajaji, watu wanasema tusubiri wote tuwe na nafasi. Hiyo nafasi haiji. Pangeni wikiendi, aliyekosekana sini yake inangoja, tunzeni nguo zilezile kwenye begi moja, picha itaisha tu.

Na Phantasm ina ile tufe ya fedha inayoruka kwenye korido la nyumba ya maiti na kumganda mtu kwenye paji la uso. Hakuna kompyuta pale. Mtu alisimama nyuma ya kamera akairusha iende mbele, halafu filamu wakairudisha kinyumenyume, kwahiyo ukiangalia inakujia wewe. Na ile ya kuganda usoni, walishaigandisha tayari, wakaivuta itoke, wakarudisha kinyumenyume tena. Sisi tuliijaribu Mikindani kwenye magofu kwa mpira tuliouvalisha karatasi ya foili, programu za kuhariri za kwenye simu nyingi zina sehemu ya kurudisha video nyuma, na watoto waliokuja kutazama shuti hawakuamini walichokiona kwenye simu dakika tano baadaye. Angalizo moja, hakikisha hakuna mtu anayetembea kule nyuma wala moshi wa jiko, maana vyote vitarudi kinyumenyume na siri imetoka.

Halafu kuna picha ambayo kwangu mimi iko juu ya zote hizi, na ndo ngumu zaidi, kwahiyo usimpe mtu aangalie ya kwanza. Ganja & Hess ya Bill Gunn, 1973. Waliotoa hela walitaka picha ya mnyonya damu mweusi kwasababu mwaka uliotangulia Blacula ilikuwa imeuza. Gunn akachukua hela yao akatengeneza kitu kingine kabisa, daktari msomi mweusi, tajiri, anachomwa na kisu cha kale kutoka Afrika, anakuwa hawezi kuishi bila damu, na picha inakuwa ni ya uraibu na imani na kanisa, na mtu anayejiona yuko peke yake na mali zake zote. Duane Jones ndo anaigiza, yule wa Night of the Living Dead ya 1968. Muziki ni wa Sam Waymon, mdogo wake yule mwimbaji Nina Simone, na yeye mwenyewe anaigiza mchungaji mle ndani. Sisi tuliokua tunatishiwa mumiani tunaielewa hii picha haraka, uoga wa damu kuchukuliwa haujaanzia kwenye sinema kwetu.

Ilipelekwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 1973 ikapokelewa vizuri, ila wenye hela hawakuipenda, wakaikata vibaya sana wakaiuza kwa majina mengine kama Blood Couple. Ile nzima ilinusurika kwasababu jumba la makumbusho ya sanaa la New York, MoMA, lilikuwa na nakala. Sasa ushauri wangu: ukiitafuta angalia urefu. Kama iko chini ya saa moja na nusu ifute, siyo yenyewe, ile kamili inakaribia saa mbili. Na hili liwe tabia yako kwa picha zote za wakati ule, zilikuwa zinakatwa na kupewa jina jipya kila nchi, kwahiyo kabla hujasema picha mbaya hakikisha umeangalia iliyotengenezwa na mwenyewe. Iangalie usiku, peke yako au na mtu mmoja asiyeongea ongea, na ukifika katikati hujaelewa endelea tu, isikilize.

Sweet Sweetback's Baadasssss Song ya 1971 naitaja kwa ajili ya biashara tu. Melvin Van Peebles aliandika, akaongoza, akaigiza, akatunga muziki, akashuti kwa siku 19, mchekeshaji Bill Cosby akamkopesha dola 50,000 ili amalizie. Hakuwa na hela ya matangazo, basi akatoa muziki kwanza, umepigwa na Earth, Wind & Fire kabla hawajawa maarufu, watu wakaanza kuuliza huu wimbo ni wa nini. Majumba mawili tu ya sinema ndo yalikubali kuionyesha mwanzoni, Detroit na Atlanta, na ikaja kuingiza mamilioni ya dola. Sisi huku tuna singeli na wasanii wanaotafuta pa kutokea, ongea naye, wimbo utoke kabla ya picha. Ila picha yenyewe mwanzoni ina sini ya mtoto ambayo mimi siikubali kabisa, sinema au siyo sinema, kwahiyo dukani kwangu haipo na sikushauri uiweke.

The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 nayo haihitaji maneno mengi, ni picha ya kutisha, waliishuti kwenye joto kali la kiangazi cha Texas, sini ya chakula cha usiku iliwachukua zaidi ya saa 24 mfululizo huku nyama inaoza mezani na madirisha yamezibwa. Picha iliingiza hela nyingi sana. Walioigiza wengi walikuwa wameahidiwa asilimia ya faida, walichokuja kupata ni kiduchu mno, kwasababu asilimia yenyewe ilikuwa ni ya sehemu ndogo tu ya kilichofika baada ya wengine kula. Kwahiyo nyie mnaoshuti kwa kuahidiana tutagawana, andikeni. Karatasi moja, nani kaleta nini, anachukua ngapi ya nini, saini, shahidi, kila mtu apige picha abaki nayo kwenye simu. Hata kama ni mtoto wa mjomba wako. Nimeona urafiki wa tangu shule ya msingi ukifa kwa kukosa hiyo karatasi.

Kuzipata, baadhi ziko bure kihalali kwenye Internet Archive na nyingine YouTube kwa wenye haki zao. Shusha na bando la usiku, na usihangaike na ubora mkubwa, nyingi zilishutiwa kwa filamu ya kawaida yenye chengachenga, ubora wa 480 unatosha na bando linabaki. Kama Kiingereza kinasumbua shusha na subtaito, soma taratibu.

La mwisho ni kutunza, na nalisema kwa uchungu. Joe Bullet ya Afrika Kusini, 1973, Ken Gampu ndo stelingi, kesi ya wachezaji wa mpira wanaouawa kabla ya fainali, ilionyeshwa mara chache tu Soweto serikali ya makaburu ikaipiga marufuku, ikakaa gizani miaka na miaka mpaka ikaja kusafishwa na kurudi karne hii. Wake in Fright ya Australia, 1971, negativu zake, yaani filamu zenyewe za asili, zilipotea kabisa, zikaja kupatikana Pittsburgh, Marekani, mwaka 2004 kwenye makasha yaliyoandikwa ni ya kuharibiwa. Na sisi hapa hewa ya chumvi inakula hadi bawaba za milango, flashi na hard disk ndo usiseme. Video zako weka sehemu mbili, moja kwako na moja kwa mtu wa mtaa mwingine, kwenye mfuko mkavu uliofungwa, ziwashe kila baada ya miezi michache uone kama zinasoma, na juu andika kwa kalamu ya kudumu jina la picha, mwaka na namba ya simu ya mwenyewe.