Ulinzi wa bahari yetu: maswali yenu kuhusu kuaminiana na majirani

Kwa nini boti ya doria ya Kenya isimfuate mhalifu mpaka upande wa Tanzania? – Mvuvi, Vanga

Sheria ya bahari hairuhusu, ndugu yangu. Maili 12 za kwanza kutoka pwani ni kama ua wa nyumba. Doria inaweza kumfukuza mhalifu hata nje ya maji yake, lakini akishaingia ndani ya maili 12 za jirani, haki ya kumfukuza imekoma. Mvusha magendo analijua hilo vizuri sana. Na hapo kwenu mpaka uko mlangoni, boti ya kasi huvuka kufumba na kufumbua.

Kinachobaki ni simu. Afisa wa Mombasa ampigie mwenzake wa Tanga usiku wa manane, naye apokee, aamini anachoambiwa, atoke baharini bila kungoja barua ya wizara. Mtu humfanyia hivyo anayemjua, ambaye wamewahi kula na kufanya mazoezi pamoja. Ndiyo maana nasema kuaminiana hujengwa siku za shwari.

Haya makubaliano ya kikanda si karatasi tu? – Mwalimu, Mtwara

Lipo moja ninalolithamini. Januari 2009, uharamia wa Somalia ukiwa umepamba moto, nchi 9, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilitia saini Kanuni za Maadili za Djibouti. Hazina nguvu ya mkataba. Ni ahadi ya kupashana habari, na vituo vya kupokea habari hizo vikawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mwaka 2017, kule Jeddah, ahadi ikapanuliwa iguse uvuvi haramu, silaha na dawa za kulevya.

Kifungu ninachokipenda ni kile kinachoruhusu afisa wa nchi moja kupanda meli ya doria ya jirani. Sisi Watanzania tulishaona faida ya utaratibu wa namna hiyo. Mnawakumbuka "samaki wa Magufuli", waliopewa jina hilo kwa kuwa yeye ndiye alikuwa waziri wa uvuvi? Machi 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Meli ya doria ilikuwa Sarah Baartman ya Afrika Kusini, na ndani yake walikuwemo maofisa wetu na wa nchi jirani. Peke yetu, mbali kule, tusingeifikia.

Inaniuma kwamba mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu ya kesi hiyo. Kukamata kwa pamoja bila kuandaa mashtaka sawasawa ni kazi nusu.

Kenya na Somalia zimepelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa bahari. Hapo imani itatoka wapi? – Msomaji, Lamu

Ni kweli, jeraha bado bichi. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoka Oktoba 2021 na Kenya ikaikataa. Lakini tazama Mlango wa Malacca, kule Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2003 Malaysia na Singapore zilikubaliana kupeleka mgogoro wa kisiwa cha Pedra Branca katika mahakama hiyo hiyo, na hukumu ikatoka 2008. Kesi ikiendelea, mwaka 2004 nchi hizo mbili pamoja na Indonesia zilianza doria zinazoratibiwa kwa pamoja, na mwaka uliofuata zikarusha ndege za upelelezi zilizobeba maofisa wa nchi zote tatu. Hakuna aliyedai jirani kwanza akubali kushindwa.

Kwa hiyo mpaka waachiwe wanasheria. Taarifa za uokoaji, za boti zisizojulikana na za wavuvi waliopotea zisikatike hata siku moja. Mtu wa Kiunga anayezama hana muda wa kungoja ramani.

Sisi wa Kojani tukienda dago Kenya, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, tunatazamwa kama wezi. Tufanyeje? – Nahodha, Pemba

Beba leseni ya chombo na vitambulisho vya mabaharia wote, na ukifika diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, jitambulishe kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo huo, kabla ya kushusha nyavu. Hilo ni lako. La serikali ni kukumbuka kuwa watu wa dago wamekuwa wakipokeana kaskazi baada ya kaskazi, kizazi hadi kizazi, na wanatambua boti ngeni kabla ya rada yoyote.

Kwenye diko moja kusini mwa Kenya mwenyekiti alinionyesha daftari lililolowa chumvi: jina la mashua, jina la nahodha, siku aliyofika, namba ya simu ya nyumbani Pemba. Nilimuuliza nani wa serikali amewahi kuja kulisoma. Akalifunga, akasema bado.