Hivi ni kweli serikali inalipa hela ukiacha kulima shamba?

SWALI: Shikamoo afisa. Niko Kongwa, mzee wangu ana heka 12, nane zimechoka kabisa, mvua ikipiga udongo wote unashuka korongoni. Kuna kijana anapita kijijini anasajili watu elfu 15 kila heka, anasema ni ruzuku ya hifadhi, ukiacha shamba lipumzike unalipwa kila mwaka kama Marekani. Mzee anataka kuuza mbuzi alipie. Tufanyaje?

JIBU: Marahaba. Mbuzi wabaki zizini kwanza. Hili swali naulizwa kila msimu, kijana anabadilika ila karatasi ni ileile, nembo ya bibi na bwana imepigwa fotokopi mpaka sura hazionekani.

Ya Marekani ipo kweli, inaitwa Conservation Reserve Program, imeanza 1985. Ila watu wakiona kaklipu ka dakika moja wanasema mzungu analipwa akae tu. Hakai bana! Anasaini mkataba wa miaka 10 mpaka 15, anapanda nyasi au miti waliyokubaliana na anaitunza, ndo analipwa kila mwaka kama kodi ya pango la shamba, na akiuvunja katikati anarudisha alizopokea na riba juu. Huku kwetu ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ni bei kushushwa, siyo hela mkononi, unajiandikisha bure kijijini unapewa namba unaenda nayo kwa wakala. TASAF nao wanalipa watu wanaochimba makinga maji, lakini ni kaya zilizo kwenye mpango na ni ujira wa siku ulizofanya kazi, heka zako hazihusiani. Shamba lililolala tu kulipwa kwa heka, mimi kazini kwangu sijawahi kuiona hiyo.

Kinachonikera zaidi hata siyo elfu 15, ni hilo neno "lipumzike". Shamba lililochoka ukiliacha wazi ng'ombe wa watu wanaingia kesho yake, wanalikanyaga linakuwa gumu, mvua ya Desemba ikija inateleza juu kama kwenye bati. Kondoa ilianza kupona enzi za HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, baada ya mifugo kutolewa mwaka 1979, tena kwa kazi, haikujiponea.

Kuna mzee mmoja Chamwino aliambiwa watakuja kuhesabu miche ili alipwe, akang'oa visiki vyote vya migunga akapanda miche 200 ya mikaratusi, mistari imenyooka kabisa. Mwezi wa nane napita nakuta vijiti vikavu na mavi ya mbuzi. Na vile visiki alivyong'oa mizizi yake ilishashika chini zamani, alitakiwa achague machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, apogoe mengine, afunge kitambaa wachungaji waone, basi, njia hiyo ndo inaitwa kisiki hai na haina fomu.

Kwenye zile heka nane pimeni kontua, yaani mstari wa usawa unaokatisha mteremko, kwa fremu A, miti mitatu na kamba yenye jiwe inatosha, mchimbe fanya juu kabla ya mvua, mtaro chini na udongo unatupwa upande wa juu.

Sasa ivi naona hawa vijana wa usajili wameshahamia kwenye kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayonyonywa na miti, maneno ni yaleyale, heka, usajili, hela ya kila mwaka, na kuna watu wameweka dole gumba kwenye mkataba ambao hakuna aliyewasomea. Hela unayoilipa serikalini ina kontroo namba. Muombeni huyo kijana awape, akisema tuma kwenye simu yake, muiteni mtendaji kabla hajawasha pikipiki.