Doti ni mita ngapi?

SWALI: Shikamoo Babu. Nimeposwa, na upande wa mume wameahidi kuleta doti 10 za kanga. Mdogo wangu wa darasa la sita akaniuliza doti moja ni mita ngapi, nikabaki nimeduwaa. Ni kipimo au ni jozi tu? Na neno lenyewe ni la Kiarabu?
Mwali, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na hongera. Kiarabu hapana. Neno limetoka Bara Hindi: dhoti, ile nguo ndefu wanayojifunga wanaume kiunoni.

Zamani doti ilikuwa kipimo hasa. Hapa kwetu Bagamoyo, enzi za misafara ya pembe za ndovu, nguo ndiyo ilikuwa fedha ya njiani: merikani kutoka Marekani, na kaniki. Hongo ya mtemi, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi yake, mtama wa wapagazi, vyote vililipwa kwa doti. Doti moja mikono 8, yaani yadi 4, kama mita 3.66. Nusu yake ni shuka, au upande.

Mkono ni kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Sasa mkono wa nani? Nimejipima hivi punde kwa futi kamba ya bibi yako: sentimita 44, haufiki nusu yadi. Ningekuwa muuzaji wa enzi hizo, kila doti ningempunja mteja karibu sentimita 14!

Kwenye kanga mikono imesahaulika, uwili umebaki. Doti ni pande mbili za chapa moja, hutoka zimeungana, unakata mwenyewe katikati na kupinda. Ujanani niliuza duka la nguo. Mama mmoja akanibembeleza nimuuzie upande mmoja, nami kwa huruma nikashika mkasi. Upande wa pili ulikaa rafuni Ramadhani mbili. Kila aliyeushika aliuliza, "Nikijifunga huu, nitajitanda nini?" Tajiri akaukata kwenye mshahara wangu, na haki yake.

Mdogo wako mwambie upande wa kanga una kama mita moja na nusu, kwa hiyo doti ni mita 3 hivi, pungufu kuliko ile ya misafara. Nawe, mzigo ukifika, hesabu pande 20 kabla mshenga hajavaa viatu.