Kwa nini Marekani inamchongea baisani sanamu?

Ndugu, umeuliza kama sanamu za baisani, yaani nyati wa Amerika, zinasherehekea uhifadhi au ni pambo tu. Inategemea sanamu yenyewe. Lile dubwana la Jamestown, North Dakota, lenye uzito wa tani 60 hivi, lililojengwa mwaka 1959 kwa zege juu ya vyuma na wavu wa waya, lilikusudiwa hasa kuwavuta wasafiri wa barabarani, ingawa leo jirani yake kuna makumbusho ya baisani.

Wale baisani wanne wa shaba nyeusi wa mchongaji Alexander Phimister Proctor, waliosimama kwenye ncha za Daraja la Dumbarton jijini Washington tangu miaka ya 1910, nawaona kwa jicho tofauti. Nundu imepanda juu, nyuma ni pembamba, manyoya yamejaa kifuani: umbo ambalo mbogo wetu wa Serengeti hana. Walipowekwa hapo, mnyama aliyekuwepo kwa mamilioni alikuwa ameshawindwa hadi wakabaki mamia machache tu, na ni miaka michache tu tangu Jumuiya ya Baisani ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1905, ipeleke baisani 15 kutoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi jimbo la Oklahoma, mwaka 1907, ili waanze kuzaana upya. Kwa hiyo mpita njia wa enzi hizo alikuwa akimtazama mnyama ambaye hatima yake bado haikujulikana, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, sanamu inapopata uzito wake.