Mzazi anaweza kushtakiwa kwa kuingia shuleni?

Ndugu, umeuliza kama kumpita mlinzi getini na kwenda kumfokea mwalimu aliyemchapa mwanao kunaweza kukufikisha polisi. Kwa Tanzania, ndiyo, kunaweza.

Soma kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kosa ni kuingia bila haki kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine ukiwa na nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali hiyo. Adhabu ni hadi miezi mitatu jela.

Neno zito hapo ni nia. Anayekatiza uwanja wa shule akiwahi sokoni hajatenda jinai hiyo kwa kukatiza tu, ingawa shule inaweza kumdai kwa kesi ya madai. Wewe umekwenda na hasira, umetukana mbele ya watoto. Hapo unamrahisishia kazi mwendesha mashtaka. Wengi hawajui pia kwamba hata ukikaribishwa vizuri, ukigoma kuondoka ili uendelee kutisha watu, kifungu kilekile kinakuhusu.

Uchungu wako nauelewa kabisa, na mtoto kuumizwa si jambo la kunyamazia. Ana majeraha? Chukua PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) kituo cha polisi, mpeleke hospitali leo, kisha andika barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa afisa elimu wa wilaya. Getini jiandikishe kwenye kitabu cha wageni, na uende na mtu mtulivu.