Kabla ya Kutafuta Shule ya Densi, Tazama Unavyofua

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza ni shule gani hapa Nairobi itakayompokea mtu aliyevuka umri wa miaka thelathini na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, ana mwili mzito. Kwa kuwa najua wengi wenu mnalitamani jukwaa kama yeye, nitamjibu hadharani: nenda kwanza soko la Marikiti alfajiri, ukawatazame watu wakiwa kazini.

Mimi nilijifunzia pale. Mwanamume anayeshusha gunia la viazi kutoka kwenye lori hategemei mikono. Huingia chini ya gunia akiwa amelegeza magoti, huupokea uzito kwa mgongo, kisha huiacha hatua ya kwanza ije yenyewe, kwani mzigo tayari unamsukuma mbele. Naye makanga anayeruka kutoka kwenye matatu ambayo haijasimama huelekeza uso kule gari linakokwenda, huegemea nyuma kidogo na kukimbia hatua chache, kwa sababu mwili wake bado una kasi ya gari. (Huyo mtazame tu, usimwige.)

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake Waluo wanaobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu wanaoibeba mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya kichwa, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Ustadi kama huo ukionekana kwa mtu aliyevaa viatu vya baleti, huitwa kipaji.

Nilipotunga densi kutokana na miendo hiyo na kuiwasilisha mbele ya jopo la waamuzi, mmoja wao alisema kwamba aliitwa kutathmini densi, si foleni ya watu wanaokwenda kazini, na wenzake wakacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Laiti angalijua kwamba huko New York, kuanzia mwaka 1962, wachezaji waliokutana katika kanisa la Judson Memorial walikuwa wamekwisha kulipigania jambo hilo, yaani mwendo wa kila siku uhesabiwe kuwa densi, na kwamba mmoja wao, Steve Paxton, alitunga mwaka 1967 densi ambamo kundi kubwa la watu hutembea, husimama na kuketi, basi! Hivi majuzi densi yangu ileile, bila kubadilishwa hata hatua moja, iliwainua watazamaji vitini. Sisemi haya kwa kujigamba, ingawa nadhani nimestahili kujigamba kidogo.

Ninyi mnaoshinda mkiiga hatua za watu kwenye simu, mnaazima miili ya wengine huku yenu ikikaa bure. Chagueni kitendo kimoja cha nyumbani, kwa mfano kukamua blanketi, ambapo mabega hupinda upande mmoja, nyonga zikakataa, na pumzi ikakatika. Kifanyeni polepole bila kukipamba, mkijiuliza uzito uko wapi. Kisha liondoeni blanketi, mrudie. Mikono itaanza kuigiza kwa sababu imesahau uzito. Basi lirudisheni, mkamue tena, mjiulize tena uzito uko wapi. Endeleeni hivyo kwa muda mrefu kabla ya kuweka muziki, kwa kuwa muziki ukiingia mapema mtaufuata huo tu na kuacha kuusikiliza mwili.